Muulizeni Mwenyewe

4 Machi

Mwanangu Maswali,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, karakana nzima, mgongo unalalamika kama ilivyo kawaida yake, kwa hiyo huku hakuna jipya.

Jana umeniaibisha. Nilikuwa kwa kinyozi, nimeshapakwa sabuni kidevu kizima, redio inaimba, mara mtangazaji akasema leo tunaye studioni daktari wa kwanza mwanamke katika hospitali kuu. Nikaruka: "Huyo wangu!" Nusura kinyozi anikate koo. Redio ikaongezwa sauti. Na wewe, mtoto niliyekulea kwa adabu zangu zote, ukafungua mdomo ukasema "kizazi". Kabla sijapumua ukasema "damu ya mwezi". Maswali! Mle ndani tulikuwa wanaume watupu, na mmoja wao mwalimu wako wa hesabu. Nikatazama dari. Kila mtu akatazama dari. Kinyozi peke yake ndiye aliyeendelea na kazi, maana hana pa kukimbilia.

Lakini ulipomaliza, mwalimu wako alinishika bega akasema, "Fundi, wewe umezaa." Nikatoka pale nimenyolewa upande mmoja na kichwa kimevimba, sikukumbuka hata kuomba nimaliziwe.

Kuna jambo ulisema limenikaa. Lile la kanuni ya hospitali, kwamba mwanamke mwenye mume hapasuliwi mpaka mume wake aseme ndiyo. Ulisema lazima ifutwe, na kwamba waume wanaokataa wanajiona ndio wenye miili ya wake zao. Nikawa nawaza: hivi umeshawahi kumkalisha chini mmoja wao ukamuuliza kwa nini? Wewe uliyekuwa unanisimamisha kazi kuniuliza kwa nini msumari una kichwa na hauna macho? Nauliza tu.

Mama yako hajambo. Anachoka choka. Siku hizi anakanda unga amekaa. Tulikwenda hospitali ya hapa, daktari akasema mambo yake, nikamwambia tutafikiria. Usiwe na wasiwasi. Mikate inatoka kama kawaida.

Baba yako,
Fundi

12 Machi

Baba, shikamoo.

Nimecheka mpaka muuguzi mkuu akaja kuchungulia kama niko salama. Kama "kizazi" kimekuaibisha kwa kinyozi, basi jiandae, maana mwezi ujao nimeitwa mbele ya kamati ya wizara na huko nitalitamka neno hilo kutwa nzima. Wewe ulitoka humo, Baba. Mwalimu wa hesabu naye alitoka humo, ingawa ukimwangalia huwezi kuamini.

Hujaniuliza kazi ikoje, lakini nitakwambia. Nimepata chumba changu cha kubadilishia nguo. Mwaka wote wa kwanza nilikuwa nabadilisha ndani ya stoo ya mifagio, kwa sababu waliojenga hospitali hii hawakufikiri kwamba siku moja atakuja daktari wa kuvaa gauni. Bado watu wananiuliza, "Dada, daktari yuko wapi?" huku kifaa cha kupimia mapigo ya moyo kinaning'inia shingoni mwangu. Siku hizi nawajibu, "Anakuja," nazunguka pazia, natokea upande wa pili.

Lakini wiki hii sikuwa na utani. Aliletwa mama mmoja, kijana tu, mimba imetunga nje ya kizazi, inavuja damu tumboni. Mume wake dereva wa malori, yuko safarini, hakuna aliyejua barabara gani. Daktari mkuu akasema tusubiri neno la mume. Nikabishana, nikapiga meza, nikaambiwa kanuni ni kanuni. Tukasubiri. Chumba cha upasuaji kilikuwa wazi, taa zinawaka, mikono yangu nimeshaiosha. Alifariki akiwa amenishika mkono, akiniuliza kama ni zamu yake.

Ndiyo maana nasema vile kwenye redio. Unaniuliza kama nimewahi kuwauliza waume kwa nini. Sijawauliza, Baba, na sioni haja.

Sasa maswali, maana jina ulinipa mwenyewe. Mama anachoka tangu lini? Mbona anakanda amekaa? Mama hakukaa hata alipokuwa na mimba yangu. Daktari alisema mambo gani hayo? Na ninyi mnafikiria nini?

Maswali wako

20 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Pole sana kwa yule mama. Nimesoma mara ya pili nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kukaa.

Huku tuna kazi ya kutosha. Shule imeniletea madawati yote yapigwe upya, na kila dawati limechorwa jina la mchumba wa mtu. Napiga randa mapenzi ya watoto kutwa nzima, maranda yamejaa mpaka mlangoni.

Kuhusu mama yako, daktari kasema apumzike. Anapumzika. Mengine ni mambo ya akina mama, na mimi na wewe hatuwezi kuyazungumza, hata kama redio inaweza.

Kula vizuri huko. Sauti yako redioni ilikuwa nyembamba.

Baba yako,
Fundi

23 Machi

Mwanangu,

Baba yako amekwenda kupeleka milango, nami nimepata nafasi. Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la unga, tanuri liko wazi linipe mwanga. Karatasi ikinuka moshi usishangae.

Nimesoma ulichomwandikia, na nimesoma alichokujibu kabla hajakitia gundi, kwa sababu anaacha karatasi mezani akidhani nikipita na sahani macho nayo nimeyaweka kwenye sahani. Eti daktari kasema nipumzike! Baba yako hata kuku hawezi kumdanganya.

Nitakueleza mimi. Natokwa na damu. Ilikoma zamani, wewe ukiwa bado chuoni, nikashukuru, nikagawa vitambaa vyangu vyote. Mwaka jana ikarudi. Nikasema itaondoka yenyewe. Haikuondoka. Daktari wa hapa, kijana mpole mwenye mikono ya baridi, alichukua kipande kidogo akakipeleka kupimwa. Majibu yamekuja. Ni saratani ya kizazi, ndiyo kwanza inaanza. Amesema kizazi kikitolewa sasa, kabla ugonjwa haujatambaa, ana matumaini nitapona. Tukichelewa hawezi kuahidi kitu.

Yote hayo aliyasema akimtazama baba yako. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, nageuza shingo huku na huku kama mtu anayetazama mpira. Mwisho akamuuliza, "Mzee, unakubali?" Baba yako akasema tutafikiria. Tangu siku hiyo hatujafikiria chochote. Nikianza kuligusia tu, anashika randa. Kuna meza moja ilikuwa ya watu wa kanisa, ameipiga randa mpaka imekuwa ya kupangia maua.

Sikuandikii ili umgombeze. Baba yako si mtu mbaya, unamjua. Nimeandika kwa sababu nimechoka kujibiwa "hajambo" na mtu mwingine. Ukimwandikia, mwandikie taratibu.

Mama yako

27 Machi

Baba,

Mama amenieleza kila kitu.

Nimekuwa nikizunguka nchi nzima nikisema kuna wanaume wanaokalia uhai wa wake zao. Kumbe nilikuwa namsema baba yangu. Yule mama alipokufa mkononi mwangu nilimlaani mume wake, na sikumjua hata jina. Wewe nakujua. Nikufanye nini?

Saratani haisubiri mtu amalize kupiga randa. Kila wiki unayoipoteza ni ya Mama, si ya kwako.

Nimemwandikia daktari wa hapo. Tulisoma chuo kimoja na hawezi kunikatalia. Nimemwambia atume gari Jumatatu, amlaze Mama, ampasue Jumanne. Ruhusa nimeitoa mimi, kama mtoto wake na kama daktari, na kikitokea chochote lawama ni yangu. Wewe huna haja ya kufikiria tena.

Mwanao,
Daktari

4 Aprili

Daktari,

Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo ulivyotia sahihi. Sikujua nianzeje.

Jumatatu gari la hospitali lilikuja mpaka mlangoni. Dereva akapiga honi. Watu wakatoka kila nyumba, wengine na miswaki mdomoni. Mwenye duka la mbele akaanza kulia kabla hajaambiwa kitu. Mama yako alikuwa na mikate tanurini. Akatoka na koleo lake la kutolea mikate, akamuuliza dereva nani amemtuma. Dereva akasema, "Binti yako, daktari mkubwa." Mama yako akamwambia, "Basi mrudie binti yangu, umpakie yeye." Akaingia ndani. Gari likageuza, likaondoka tupu.

Jioni nilikwenda hospitali kumwomba radhi yule daktari kijana. Alikuwa amekaa na barua yako mbele yake, anaiogopa kama bomu. Hakujua afuate kanuni au akufuate wewe.

Hukuniuliza kwa nini, lakini nitakwambia.

Naogopa. Ni hivyo tu. Najua ulitegemea jambo kubwa zaidi. Daktari alipogeuka akaniambia "unakubali?" nilianza kuhesabu misumari ya meza yake. Mimi ni fundi, mwanangu, najua maana ya kukata. Ukikosea kipimo, ubao haurudi. Lakini ubao naununua mwingine. Sasa wananiambia nitoe neno akatwe mama yako. Nikisema ndiyo na asiamke, nimemuua kwa mdomo wangu. Nikisema hapana na ugonjwa ukamchukua, ni mimi tena. Nikasema tutafikiria, kwa sababu lile neno haliui mtu siku hiyo hiyo. Najua linaua baadaye. Najua. Usidhani sijui.

Nyumba hii naijua kwa sauti yake. Asubuhi mlango wa tanuri unalia, kisha yeye anakohoa kidogo, kisha anaita jina langu kwa hasira kwa sababu sijapasua kuni. Ninapotaka kutamka ndiyo, naisikia nyumba bila sauti hizo, na ulimi unakwama.

Unawaambia watu sisi waume tumepewa neno hilo na tunalipenda. Wapo wanaolipenda, siwezi kubisha, nawajua. Mimi sikuliomba. Siku ya harusi walinipa nasaha za kutwa nzima na hakuna aliyenieleza kwamba na hilo limo. Unapigania tunyang'anywe. Ninyang'anye, mwanangu. Nakuomba. Hata leo.

Mama yako hasemi na mimi tangu Jumatatu.

Baba yako

5 Aprili

Mwanangu,

Nimekasirika, kwa hiyo sitakusalimia.

Hujambo lakini?

Gari la hospitali! Mbele za watu, na mimi nina unga mpaka kwenye nyusi! Eti "tumekuja kumchukua". Kinachochukuliwa ni gunia. Mikate yote ya siku ile iliungua, wateja wakaja wakakuta mkaa, na kila aliyekuja alininong'oneza "pole" kwa sauti ile ya msibani.

Sikiliza. Baba yako aliulizwa, akanyamaza. Wewe hukuulizwa, ukajibu. Mimi nipo katikati yenu na sikumbuki hata mmoja wenu aliyeniambia, "Na wewe wasemaje?" Baba yako namsamehe, yeye hajawahi kusimama redioni. Lakini wewe! Umewafundisha wanawake wasiojua hata sura yako waseme mwili huu ni wangu. Nilikusikia. Nilizima mashine ya kusaga ili nikusikie vizuri. Halafu ulipofika kwa mama yako ukapanga siku, ukapanga gari, ukapanga na kitanda. Ulibakiza kuniambia nivae nguo gani.

Usilie. Najua unalia. Tangu mdogo ulikuwa unalia haraka, ukajifuta uso kabla mtu hajaona, na mimi nikajifanya sikuona.

Najua ni hofu. Wewe na baba yako mnafanana kuliko mnavyotaka kukubali. Yeye akiogopa hukaa kimya, wewe ukiogopa hutoa amri. Mgonjwa ni mimi, na anayewabembeleza wote wawili ni mimi. Kazi kweli kweli.

Damu bado inatoka. Jana nilikaa mara nyingi kuliko nilivyosimama. Siyo kwamba nimesahau siku zinakwenda. Lakini sitaingia chumba kile kwa kuburutwa, wala sitaingia nikimwacha baba yako kwenye benchi ameshindwa na mwanawe mbele ya mtaa mzima. Nimeishi na huyu mtu. Nikiamka nitarudi kuishi naye huyo huyo, na nataka nimkute mzima.

Leo nimemsemesha. Nimemwambia apasue kuni. Amepasua za mwezi mzima.

Mama yako

10 Aprili

Mama, Baba, shikamooni.

Naomba barua hii Baba aisome kwa sauti, na Mama akae kwenye kiti, si kwenye gunia.

Nimelia, Mama. Nilijifuta, lakini muuguzi mkuu aliniona.  Alitoka akafunga mlango, akasimama nje kumzuia kila mtu kwa kuwaambia daktari ana mgonjwa.

Mnisamehe. Niliposoma kwamba ni saratani sikusoma kama daktari. Nilimwona yule mama aliyekufa ananishika mkono, na uso ukawa wako. Nikafanya kile ninachowakataza watu wengine. Nikakata shauri kwa niaba yako, kwa sababu nakupenda, nikaona mapenzi yanatosha kuwa ruhusa. Mimi! Ungekuwa mgonjwa wangu wa kawaida nisingethubutu. Ningevuta kiti, ningekueleza, ningekuuliza. Kwa mama yangu nikatuma gari.

Baba, uliniuliza mwezi uliopita kama nimewahi kumuuliza mmoja wao kwa nini, nikakujibu kwa kiburi. Wewe ulikuwa unagonga mlango na mimi sikusikia. Hofu yako si dhambi. Mimi mwenyewe nimepasua watu wengi, na nikifikiria kisu kikimgusa Mama, nakiweka chini.

Jana nilisimama mbele ya kamati. Nilikuwa nimeandaa hotuba kali, ina meno, ningewararua. Mwenyekiti ni mzee mwenye miwani minene. Hata sijaanza akaniuliza, "Daktari, kwa hiyo umekuja kutunyang'anya wanaume haki yetu?" Wenzake wakacheka. Nikasema, "Mzee, kuna mwanaume namfahamu anaomba anyang'anywe." Kicheko kikakatika. Sikusema ni nani. Niliwaeleza tu habari ya mtu anayempenda mke wake mpaka neno linamkwama kooni, na mwanamke anayejua ugonjwa wake vizuri kuliko mtu yeyote chumbani, huku anasubiri ruhusa ya mtu anayetetemeka. Nikawaambia, kanuni hii haimlindi hata mmoja wao. Kisha nikawaeleza habari ya mke wa dereva.

Yule mzee akavua miwani, akaifuta, akaendelea kuifuta ilhali imeshatakata. Akasema mke wake alipasuliwa mwaka juzi.  Wamesema watakutana tena. Sijui itakuwaje. Kwa leo kanuni bado ipo, na mbele ya yule kijana wa hapo bado anayeulizwa ni Baba. Nimemwandikia tena, nimemwomba radhi kwa ile barua ya kwanza, na nimemwambia asifanye lolote kwa jina langu.

Mama, sasa nauliza. Umeelezwa ugonjwa. Unajua kinachoweza kutokea ukipasuliwa, na unajua kitakachotokea usipopasuliwa. Wewe unataka nini? Ukisema ndiyo, nitashukuru. Ukisema hapana, nitakuja kukaa na wewe, nitakanda unga, na sitakugombeza hata siku moja. Itaniuma mpaka nakufa, lakini sitakugombeza.

Daktari wa kunishikia wodi anafika Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Akishaweka begi lake chini tu, mimi niko njiani.

Maswali wenu

17 Aprili

Mwanangu,

Nipo. Naanza na hilo ili usisome kwa kukimbia.

Mwandiko umepinda kwa sababu ya dawa ya usingizi, akili haijapinda. Mshono unauma nikicheka. Muuguzi amemkataza baba yako kunichekesha, lakini hana habari kwamba anachekesha. Jana walimkuta chini ya kitanda changu na bisibisi. Anasema kitanda kimeungwa na mtu mwenye haraka, hawezi kumwacha mke wake alale juu ya aibu ile. Sasa wagonjwa wenzangu nao wanamwita, "Fundi, na changu kinalia." Ameshamaliza upande wote wa dirishani.

Yule kijana anasema kizazi kimetoka chote, na alipotazama hakuona ugonjwa mahali pengine. Kuna vipimo vinasubiriwa. Ana sura ya mtu aliyeridhika. Anakusalimia, na bado anakuogopa.

Hatukusubiri ufike, maana wewe mwenyewe ulisema saratani haisubiri. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Baba yako alisoma barua yako kwa sauti, kama ulivyotaka. Akafika pale kwenye swali, "Wewe unataka nini?" Akakwama. Akalisoma upya polepole, kama mtu anayepima urefu wa kitu. Kisha akaweka karatasi chini akanitazama. Nikamwambia, "Siyo hapa. Twende kwa daktari." Hakubisha. Akaenda kutafuta viatu vyake vya kamba.

Hospitalini tulikuta chumba kimejaa. Daktari yupo, muuguzi yupo na kalamu, na wanafunzi wa uuguzi wamepangwa ukutani wanajifunza. Yule kijana, kwa mazoea, akavuta kiti akamwelekea baba yako. "Mzee, mmefikiria? Unakubali?"

Baba yako aliangalia viatu vyake.  Nikajua sasa atasema tena tutafikiria, na nikawa nimeshaanza kumsamehe. Akainua kichwa. Akasema, "Daktari, mwili si wangu. Muulizeni mwenyewe. Atakalosema, andikeni kwamba na mimi nimesema hilo hilo."

Daktari akamtazama muuguzi. Kisha akasimama akageuza kiti. Kiti kizito, kikapiga kelele sakafuni. Akakaa mbele yangu, akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale. Ana macho mazuri, sikuwahi kuyaona. Muuguzi akanitazama. Wanafunzi wakanitazama. Baba yako akanitazama. Daktari akasema, "Mama, wewe unakubali?"

Jibu nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Lakini mwanangu, nimekatishwa shule, nimeolewa, nimehamishwa nyumba, nimezaa, nimezika, na kila mara kulikuwa na watu wanaongea juu ya kichwa changu. Walikuwa wananipenda wengi wao. Ila sijawahi kukaa kwenye chumba ambacho kila mtu amenyamaza anangoja neno langu. Baba yako akadhani naogopa, akanishika mkono, wa kwake ukiwa umelowa jasho. Sikuwa naogopa. Nilikuwa nausikiliza ule ukimya. Ulikuwa wangu wote. Nikauacha uendelee kidogo.

Kisha nikasema ndiyo.

Mama yako